Usikisifie kitabu, wasomee ukurasa

Swali: "Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba, na napenda sana kusoma riwaya. Tatizo langu ni kuwa sina wa kuzungumza naye. Ofisini nikiwaambia wenzangu kuwa nasoma kitabu kizuri, wanasema 'haya, msomi wetu', kisha mazungumzo yanahamia kwengine. Nyumbani naishi na mkwe wangu na mawifi wawili. Mkwe anasoma Kurani lakini herufi za kirumi hazijui, na mawifi wako kwenye simu zao. Niliwahi kuwaazima watu vitabu vyangu vitatu ninavyovipenda mno, hakuna kilichorudi, na sidhani kama kuna kilichosomwa. Nifanyeje nisiwe nasoma peke yangu?"

Jibu:

Waalaykumu salaam, mwalimu mwenzangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ndipo nikaona pa kuanzia. Hukunitajia kitabu hata kimoja. Umenambia unapenda kusoma, umenambia vitatu vimepotea na ulivipenda mno, lakini sijui ni vitabu gani, vina watu gani ndani yake, wala kipi kilikukesha. Naona na ofisini ndivyo unavyofanya, na hapo ndipo mazungumzo yanapokufia.

Ukisema "nasoma kitabu kizuri sana", mwenzako hana la kujibu. Hajakisoma, kwa hiyo hawezi kukubali wala kukataa. Kinachobaki ni kukusifu wewe, akuite msomi, ajiendee zake. Halafu kuna jambo ambalo sisi walimu hatupendi kulisikia: sifa ya kitabu ikitoka kinywani mwa mwalimu husikika kama agizo. Mtu mzima aliyemaliza skuli zamani hataki kupewa kazi ya nyumbani.

Sasa chukulia umeingia ofisini asubuhi, unakunja mwavuli, ukasema hivi: "Jamani, nina mtoto hapa ananitesa. Yumo katika mwaka wake wa kumi na mbili. Baba yake kamwambia utasafiri na ami yako, tajiri, na mtoto anafurahi maana atapanda treni. Hajui kama yule si ami yake, wala hajui kuwa ametolewa rehani kwa deni la baba. Hivi mama yake alijua?"

Hapo sidhani kama yupo atakayekuita msomi. Mmoja atasema mama lazima alijua. Mwengine atamtetea, atasema mwanamke wa zama hizo angesema neno gani mbele ya mume. Wa tatu atakumbuka kisa cha ukoo fulani, wa Konde au wa Kengeja, na chai itapoa. Watu wa visiwa hivi tunapenda kesi. Mpe mtu kesi aihukumu, hatakuuliza kama ameshakisoma kitabu au hajakisoma. Jina la kitabu liache lije mwisho, na lije kwa kuulizwa.

Mtoto huyo anaitwa Yusuf, na kitabu ni *Peponi* cha Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akakitia kwa Kiswahili mwaka 2022. Ile siku ya tuzo Zanzibar ilishangilia kwa haki yake. Lakini tulishangilia kwanza, kusoma kukaachwa kwa baadae, na kwa wengi wetu hiyo baadae haijafika. Simlaumu mtu: vitabu vyake vilikuwa kwa lugha ambayo bibi zetu hawakuisoma. Sasa kimoja kipo kwa lugha yetu, na kisingizio hicho kimepungua.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kuwa anza na kitabu ambacho hujakimaliza. Watu hukimbilia kuwapa wenzao kile wanachokipenda kuliko vyote, na mimi naona huko ni kuanza na kigumu. Kitabu unachokisoma sasa hujui mwisho wake. Wewe na msikilizaji mko sawa, nyote mnabahatisha. Unaweza kusema "mpaka hapa simuelewi huyu mzee", na mwenzako akakueleza kwa nini wazee huwa hivyo, na pengine akawa amepatia kuliko wewe uliyekishika kitabu. Kisha kesho atakuuliza: yule mtoto kafika wapi? Siku utakapoulizwa hivyo, ujue umeshapata mwenza, hata kama hajafungua ukurasa.

Kile ukipendacho kina mambo mengine. Mtu akikidharau unaona amekudharau wewe. Kwa hiyo kitoe kwa kuchelewa, na ukitoe kidogo. Usieleze ubora wake. Eleza kitu kimoja kilichokubadilikia baada ya kukisoma. Mimi nakipenda *Kuli* cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1979. Nikiulizwa kwa nini, nasema kuwa mgomo wa makuli wa mwaka 1948 kwangu ulikuwa mstari mmoja wa somo la historia, wa kukaririwa na kusahauliwa. Baada ya kitabu hicho mgomo huo una mtu, Rashidi, ana gunia mgongoni na ana swali ambalo hakuna wa kumjibu. Siongezi neno. Anayetaka zaidi ataniuliza, na asiyetaka sijamchosha.

Nije kwenye kusoma kwa sauti, maana hapa ndipo penye jibu lako hasa.

Umezoea kuona kuwa kusoma ni kujitenga: mlango umerejeshwa, taa iko kando, mtu na kitabu chake. Lakini visiwani kwetu kusoma kwa mkusanyiko ni kukongwe. Maulidi ya Barzanji husomwa kwa zamu, mmoja akiishia mwengine anapokea, na waliokaa wengi hawana msahafu wala kitabu mkononi. Wanasikiliza na kuitikia. Darsa ya baada ya tarawehe ni vivyo hivyo: mmoja ana kitabu, msikiti mzima una masikio. Na Pemba yako ndiyo ya Kamange na Sarahani, washairi waliojibizana kwa beti, na beti zao zikaishi vifuani mwa watu na katika miswada ya majumbani mpaka zikakusanywa katika kitabu *Kale ya Washairi wa Pemba*, kilichochapishwa mwaka 2011. Wangapi walioyajua mashairi hayo waliyasoma wenyewe? Wengi waliyasikia. Basi mkwe wako asikupe tabu kwa kutojua herufi za kirumi. Yeye ni msikilizaji aliyefundwa, kuliko mimi na wewe.

Huko Havana, Cuba, mwaka 1865, wafanyakazi wa viwanda vya sigara walianza utaratibu wa kuwa na msomaji. Wao wamekaa safu wanakunja tumbaku, yeye amekaa juu ya kiti anawasomea magazeti na riwaya. Mshahara wake walimchangia wao wenyewe, kwa sababu mikono yao ilikuwa na kazi lakini masikio hayana. Utamaduni huo ulidumu na kuenea. Niliposoma habari hiyo niliifikiria Pemba wakati wa mchumo wa karafuu. Jioni mnakaa ukumbini au uwani, karafuu zimemwagwa juu ya jamvi, kila mtu anachambua, anatenga vikonyo, mpaka usiku mkubwa. Mikono imejaa na vinywa vinasengenya. Hapo panataka msomaji. Dakika kumi tu, kisha rudi kuchambua na wenzako, wasije wakasema kitabu kimekuwa kisingizio cha uvivu. Kama si msimu, basi wakati wa kusuka ukili au wa kupembua mchele.

Namna ya kusoma ina adabu zake. Ukurasa wa riwaya ya kawaida unasomeka kwa dakika mbili tatu, kwa hiyo kurasa tatu au nne kwa mkao mmoja zinatosha sana. Chagua pahala ambapo watu wanasemezana. Ukurasa wa kueleza mandhari ni mtamu ukisoma peke yako, lakini ukiusoma kwa sauti watu wanasinzia. Chagua pahala penye majina mawili, matatu basi. Msomaji wa macho anaweza kurudi nyuma kuangalia fulani ni nani, msikilizaji hawezi. Soma pole pole, na kila mhusika mpe sauti yake bila ya kuigiza kupita kiasi. Usisimame kufafanua maneno. Asiyelijua neno atauliza, au atalikisia, na akikosea haidhuru. Simama pale mambo yanapokaribia kujulikana, funga kitabu, ulizia chai.

Na nakusihi, mwalimu mwenzangu, usiulize "tumejifunza nini?" Swali hilo liache skuli.

Kwa mawifi wenye simu, mimi ningeanza na Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, mtoto wa Unguja, alimtoa mpelelezi huyu katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58. Maiti inakutwa mzimuni, kila mtu ana lake la kusema, na Bwana Msa anavuta kiko chake na kufikiri. Kuna pia *Kisima cha Giningi*, na Giningi, mji wa wachawi katika masimulizi yetu, sina haja ya kuueleza zaidi kwa watu wa Pemba na Unguja waliotishiwa nao utotoni. Riwaya za upelelezi zimeumbwa kwa kukatwa vipande. Soma sura, simama, waache watuhumu wamtakaye. Usimtaje muuaji hata wakikubembeleza kwa halua ya Wete. Wifi akishindwa kungoja mpaka kesho, mwambie kitabu kiko juu ya meza. Nimeona watu wazima wakiiba kitabu usiku ili wajue, na huo ni wizi ninaouombea uongezeke.

Njia nyengine ya kwao ni filamu. Amil Shivji alitoa filamu ya *Vuta N'kuvute* mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi yenye jina hilo. Ikiwa wameiona, waulize ya Yasmin na Bwana Raza, kisha wasomee mwanzo wa kitabu, pale msichana mdogo wa Kihindi alipoozwa kwa mwanamume wa kumzaa. Wale waliosoma Kiswahili kidato cha tano na sita huenda waliisoma riwaya hiyo kwa ajili ya mtihani na hawataki tena kuiona. Mtihani umeua vitabu vingi. Wape ukurasa mmoja bila swali la "jadili", utashangaa.

Hapa lakini pana jambo la aibu, na hukuliuliza ingawa najua litakufika. *Vuta N'kuvute* ina usiku wake. *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba mwaka 1947, inamfuata Maimuna mpaka kwenye nyumba ambazo mbele ya mkwe hazitajwi. Vitabu hivi ni vya heshima na vimeandikwa kwa sababu nzito, ila heshima ya kitabu haikuondolei wewe haya ya kusoma sentensi fulani mbele ya mama mkwe wako. Hakuna unafiki katika kuchagua. Upitie ukurasa kabla, uchague pale panaposomeka kwa wote, na yaliyobaki wasome wenyewe kwa macho yao, kila mtu na umri wake. Usikifiche kitabu chini ya mto kama jambo la haramu, maana siku kikionekana huko ndipo utakapohitaji maelezo. Kiweke mezani, kionekane, waulize. Na yale ya Bwana Raza msomee mkwe bila ya wasiwasi. Wanawake wa umri wake wana mengi ya kusema kuhusu wazee waliooa watoto, na pengine utayasikia ambayo hujawahi kuyasikia ndani ya nyumba hiyo.

Sasa vitabu vyako vilivyopotea. Nakupa pole, lakini sishangai. Ulimwazima mtu kitabu ambacho hakukitaka. Alikichukua kwa haya, akakiweka juu ya kabati, na kila akikutana nawe anaona deni, kwa hiyo anakukwepa. Kanuni yangu ni kuwa haazimwi mtu mpaka aombe. Akiomba, mpe muda unaofungamana na jambo ("nirejeshee kabla ya Ramadhani"), maana "ukimaliza" ni siku isiyofika. Andika katika daftari mbele yake, bila ya kuona haya. Fundi cherehani anaandika, na wewe andika. Nakala yenye alama zako za kalamu na machozi yako usiiazime abadan. Hiyo wasomee.

Bora kuliko kuazima ni upatu. Najua ofisini kwenu upo wa pesa, skuli isiyo na upatu siijui. Anzisheni mdogo wa vitabu, watu watano au sita, si zaidi. Kila mwezi mnachanga, pesa zinanunua kitabu kimoja, na anayepokea ndiye anayechagua. Akishakisoma kinazunguka kwa zamu ile ile ya upatu, na mwisho kinarudi kwake, kinakuwa mali yake. Zamu inajulikana, kwa hiyo hakipotei: anayekikalia ana mtu nyuma yake anayemdai kila asubuhi. Bei nayo inabebwa na wengi, maana riwaya mpya kwa mshahara wetu si jambo dogo. Na muhimu zaidi, kila mtu anachagua. Itafika zamu ya mwenzako naye atachagua kitabu cha biashara, au tafsiri ya hadithi za mitume, au kitabu ambacho wewe hungekigusa. Kisome. Huwezi kutaka watu wasome chako ikiwa chao unakikunjia uso. Wengi wanaolalamika kuwa hawana wa kuzungumza naye habari za vitabu hawajawahi kumuuliza mtu anasoma nini.

Kabla ya kununua, panda gari uende maktaba ya Chake Chake ukaone kilichopo, na ukivuka kuja Unguja pita Maktaba Kuu, Maisara. Mambo ya kuchukuliana kadi hayana raha kama kitabu chako mwenyewe, lakini riwaya za zamani ambazo hazichapishwi tena mara nyingi ziko kwenye rafu za namna hiyo na hazina mteja.

Kwenye simu kuna mtego mmoja. Mtu akiona umekipenda kitabu atakutumia faili lake zima kwa WhatsApp, au atakuomba wewe uzipige picha kurasa zote umtumie. Usifanye hivyo. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu 2003 na ina COSOZA, ofisi ya hakimiliki, ya kuisimamia, lakini hata bila ya sheria, waandishi wetu wanaishi mji mmoja na sisi, tunakutana nao sokoni. Kumtumia shoga yako sauti yako ukisoma aya mbili zilizokuchekesha ni jambo jengine, nami nakuhimiza ulifanye. Sauti ya mtu anayemjua husikilizwa, ujumbe mrefu wa maandishi hupitwa. Dakika moja inatosha. Ikizidi mbili ataiweka "nitasikiliza baadae", na baadae yenyewe tumeshaizungumza.

Ofisini usitarajie wote. Ukipata wawili umefanikiwa, na mmoja wao huenda akawa mlinzi au mpishi badala ya mwalimu wa Kiswahili. Walimu wa Kiswahili, nasema nikiwa mmoja wao, tuna maradhi ya kukihukumu kitabu kabla hatujakisikiliza.

Mkwe wako nimemuweka mwisho makusudi. Ukishamsomea siku mbili tatu, nyamaza, umuulize yeye anajua nini kwa moyo. Mtu wa umri wake aliyekulia Pemba na aliyesoma chuo cha Kurani hakosi kuwa na chake: beti za utenzi, kaswida, mashairi ya harusini, pengine ya Kamange mwenyewe ambayo aliyapokea kwa bibi yake bila ya kuambiwa ni ya nani. Usimkatize kumsahihisha, hata kama toleo lake halilingani na la kitabuni. Andika kama anavyosema, na matamshi yake ya Kipemba uyaache yalivyo, kisha pembeni andika nani alimfundisha, na huimbwa au husomwa wakati gani. Mrejeshee kwa kumsomea, akuoneshe ulipokosea. Kama anajua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu, mpe kalamu aandike mwenyewe upande wa pili wa ukurasa. Na mkipata beti za Kamange ambazo hazimo katika kile kitabu cha 2011, niandikie tena, usingoje msimu wa karafuu.